Mtetemo Unaotunza Habari: Kutoka Ngoma za Yakusu hadi Mawe ya Masisi

Barabara itokayo Masisi kwenda Walikale hupita Nyabiondo, ikafika Kashebere, kisha ikateremka kuelekea msitu mkubwa unaoendelea hadi Kisangani. Kashebere iko pale wilaya hizi mbili zinapopakana: mgongoni kwake milima ya malisho ya Masisi, mbele yake miti. Upande wa mashariki kuna Rubaya na vilima vyake vya koltani. Upande wa magharibi kuna Bisie na kasiteriti yake, jiwe linalotoa bati. Machi 2025 vita vilishuka na barabara hiyo. Tarehe 19 ya mwezi huo wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia mji wa Walikale, na familia nyingi za vijiji vya njiani zilikuwa zimekwisha kukimbilia porini na vyombo vyao kichwani.

Mwaka huohuo wa 2025, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, kwa azimio lililowasilishwa na Ghana. Kulikuwa na makongamano Ulaya, Asia na Marekani. Mojawapo ya habari zilizozungumzwa sana ilikuwa hii: wanafizikia wameweza kutunza na kuchakata taarifa za kwanta kwa kutumia mtetemo, yaani sauti iliyofungiwa ndani ya kipande cha fuwele au cha silikoni. Historia ya jambo hilo husimuliwa kana kwamba ilizaliwa California na kukulia Zürich. Ukweli ni kwamba sehemu yake imepita mikononi mwa watu wa mashariki mwa Kongo, kwanza kwa ngoma, baadaye kwa beche.

Mwaka 1938 mmisionari Mwingereza wa Kibaptisti, John Carrington, alifika Yakusu, kwenye kingo za mto karibu na Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville siku hizo. Katika safari zake alishangaa kukuta watu wa kijiji ambacho hakukitumia taarifa wamekusanyika wakimngojea. Ngoma ilikuwa imewaambia. Ilikuwa gogo la mti mgumu lililotobolewa kwa ndani na kuachwa ufa juu, lenye midomo miwili: mmoja ukipigwa hutoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Basi, ni sauti mbili tu. Usiku ulipotulia, sauti hizo zilisikika mwendo wa kilomita kumi hivi, na kijiji cha mbele kikizipokea kilizirudia kwa kijiji cha mbele zaidi.

Carrington alijifunza kuipiga, na akaona hila yake. Lugha ya Walokele, wenyeji wa Yakusu, ni ya toni, na ngoma hubeba toni peke yake, bila konsonanti wala vokali. Maneno mengi yana toni zilezile, kwa hiyo neno moja likipigwa peke yake halieleweki. Ndiyo maana mpigaji hakupiga mwezi peke yake. Alipiga mwezi unaoitazama ardhi. Hakupiga kuku, alipiga kuku, yule mdogo aliaye kiokio. Urefu huo haukuwa mapambo. Ulikuwa ulinzi: upepo ukila mapigo mawili, yaliyobaki yanatosha kumwambia msikilizaji kilichokusudiwa. Carrington aliyaandika hayo katika kitabu chake kuhusu ngoma zisemazo za Afrika, kilichotoka mwaka 1949.

Mwaka mmoja kabla yake, Claude Shannon wa maabara za Bell nchini Marekani alikuwa amethibitisha kwa hisabati kwamba ujumbe unaweza kulindwa dhidi ya kelele kwa kuuongezea maneno ya ziada yaliyopangwa. Juu ya uthibitisho huo ndipo iliposimama dunia nzima ya simu na kompyuta. Walokele walikuwa wakiifanya kazi hiyo vizazi kadhaa kabla, na nadhani kila mwalimu wa fizikia wa Kisangani na Goma angepaswa kuanzia hapo somo lake.

Mwaka huohuo wa 1949, tarehe 6 Mei, kompyuta iitwayo EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza huko Cambridge, Uingereza, chini ya Maurice Wilkes. Ilikosa kitu kimoja ambacho kompyuta ya leo inacho kwa wingi: mahali pa kuweka namba wakati hesabu inaendelea. Wilkes alitumia sauti. Alichukua mabomba ya chuma yenye urefu wa karibu mita moja na nusu, akayajaza zebaki, na kila mwisho akaweka kipande cha kwatsi. Umeme ulipokigonga kipande cha mwanzo, kilitetema. Mtetemo ukasafiri ndani ya zebaki kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kipande cha mwisho kikaugeuza kuwa umeme tena, ukaimarishwa na kurudishwa mwanzo. Namba zilizunguka humo mfululizo, zikiwa mapigo ya sauti, mpaka zilipohitajika.

Alichotegemea Wilkes kiligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880: ukiminya fuwele za aina fulani, zinatoa umeme. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake: ukizipa umeme, zinajinyonga na kutetema. Mwaka 1965 Richard White na Frederick Voltmer wa Berkeley walichora vidole vyembamba vya metali juu ya fuwele kama hiyo, wakaweza kutuma mtetemo unaotambaa juu ya uso wake tu. Ugunduzi huo uliingia kwenye televisheni, halafu kwenye simu. Fuwele zilizofaa zaidi zilikuwa mbili, lithi niobati na lithi tantalati. Majina yake yanasema zimetengenezwa na nini: niobi na tantali, metali mbili zinazokaa pamoja ndani ya koltani.

Simu anayoishika mtu wa Kashebere anapotafuta mtandao kilimani ina vipande vidogo vya namna hiyo. Antena inapokea mawimbi ya redio ya kila aina yakiwa yamechanganyika. Kipande cha fuwele kinayageuza kuwa mtetemo, na kwa kuwa vidole vyake vimepangwa kwa nafasi maalumu, mtetemo wa masafa ya mtandao wake peke yake ndio unaopita, mingine inafifia. Kisha mtetemo unageuzwa kuwa umeme, na sauti ya ndugu yake aliyeko Goma inasikika. Kuchakata habari kwa mtetemo, kwa hiyo, si ndoto ya kesho. Kunafanyika mfukoni mwa mtu kila anapopiga simu.

Tantali yenyewe ilipata soko kubwa zaidi kwenye kapasita, vifaa vidogo vinavyotunza chaji ndani ya simu na kompyuta. Hapo ndipo Masisi inapoingia kwenye hadithi kwa nguvu. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji mashirika ya madini ya Kivu na Maniema yalitafuta bati, na koltani ilikuwa kitu cha pembeni. Mwaka 1976 mashirika hayo yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Bei ya bati ilipoporomoka mwaka 1985, shirika hilo lilianza kufa polepole. Kule Lueshe, wilaya ya Rutshuru, kampuni ya SOMIKIVU yenye mtaji wa Kijerumani ilichimba niobi mpaka vita vya miaka ya 1990 vilipoivuruga. Kisha ukaja mwaka 2000. Mahitaji ya simu na mashine za michezo yalipanda, bei ya tantali ikaruka karibu mara kumi, na watu wa Masisi na Walikale wakaacha maharagwe shambani wakaingia mashimoni. Waasi wa RCD-Goma, waliotawala eneo hilo, waliipa kampuni ya SOMIGL haki ya pekee ya kuuza koltani nje mnamo Novemba 2000. Mwaka 2001 bei ilianguka. Mashimo yalibaki, na bunduki zilibaki.

Anayetaka kuielewa koltani aitazame inavyooshwa. Mchimbaji hushusha udongo mwekundu kutoka shimoni ndani ya gunia, akaumwaga kwenye mfereji wa maji uliochimbwa kwa beche. Wenzake wanaukoroga kwa koleo, wakiwa wamezama mpaka magotini. Maji yanachukua udongo na mchanga mwepesi. Punje nyeusi zinabaki chini, kwa kuwa uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya mchanga wa kawaida. Baadaye punje hizo hukaushwa, zikapitishiwa sumaku ili kuondoa chuma, zikafungwa na kubebwa mgongoni hadi kwa mnunuzi. Hakuna mashine katika kazi hiyo yote. Mizani ndiyo chombo cha kisasa pekee, nayo iko mikononi mwa anayenunua.

Mwaka 2010 historia hizi mbili, ya mtetemo na ya mawe, zilipiga hatua kubwa ndani ya miezi michache.

Tarehe 1 Aprili 2010 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Aaron O'Connell, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na walimu wake Andrew Cleland na John Martinis. Walikuwa wametengeneza kipande chembamba cha alumini nitridi kilichoshikwa upande mmoja, kidogo lakini kikubwa vya kutosha kuonekana kwa macho matupu kama nukta. Kilitetema mara bilioni 6 kwa sekunde. Walikipoza hadi sehemu 25 za elfu za nyuzi moja juu ya sifuri kamili, ile baridi isiyo na chini yake. Katika baridi hiyo kipande kilitulia mpaka hakikubakiwa hata na fononi moja, yaani kile kipimo kidogo kabisa cha mtetemo ambacho maumbile yanaruhusu.

Kando yake waliweka kyubiti. Swichi ya kompyuta ya kawaida hukaa kwenye 0 au 1. Kyubiti inaweza kuchanganya hali zote mbili kwa wakati mmoja mpaka itakapopimwa. O'Connell alihamisha nishati ya fononi moja kutoka kwenye kyubiti kwenda kwenye kipande, akairudisha. Kisha akakiweka kipande katika hali ya kutetema na kutotetema kwa pamoja. Ilidumu nanosekunde 6 hivi, muda ambao mwanga wenyewe husafiri chini ya mita mbili. Muda huo ulitosha. Kwa mara ya kwanza kitu kilichoundwa na mkono wa mtu, chenye matrilioni ya atomu, kilitii sheria za kwanta katika mwendo wake, na jarida la Science likaitaja kazi hiyo kuwa hatua kubwa kuliko zote za mwaka. Martinis alikuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2025, pamoja na John Clarke na Michel Devoret, kwa utafiti wa miaka ya 1980 ulioandaa njia ya sakiti za aina hiyo.

Tarehe 21 Julai 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya fedha ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni ya Marekani yaeleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao vinatoka Kongo au nchi jirani. Kivu waliiita sheria ya Obama. Septemba, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa madini katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Amri hiyo ilidumu mpaka Machi 2011. Makampuni mengi ya nje yaliacha kununua kabisa, na mchimbaji aliyekuwa akilipa karo ya watoto kwa kilo zake mbili tatu za koltani akakosa mnunuzi halali. Wenye bunduki walipata njia za magendo. Nia ya sheria ilikuwa njema, na mzigo wake ulimwangukia mnyonge.

Tangu mwaka huo wa 2010 maabara za mtetemo zilikwenda mbio. Chalmers, Sweden, mwaka 2014, kundi la Per Delsing lilifanya atomu ya bandia izungumze na mawimbi ya sauti yanayotambaa juu ya fuwele. Yale, mwaka 2017, Yiwen Chu na wenzake waliunganisha kyubiti na mtetemo ulio ndani kabisa ya kipande cha yakuti samawi. Chicago, Cleland akiwa amehamia huko, walidhibiti fononi mojamoja juu ya lithi niobati mwaka 2018. Stanford walifuata mwaka 2019, kwa fuwele hiyohiyo, kwa kuhesabu ngazi za nishati za kitetemeshi kidogo mno.

Kwa nini watu wenye mwanga na umeme wajitaabishe na sauti? Sababu ya kwanza ni mwendo. Mtetemo husafiri ndani ya fuwele kilomita chache kwa sekunde, wakati mwanga hukimbia kilomita 300,000. Kwa masafa yaleyale, wimbi la redio la sentimita 6, likigeuzwa kuwa sauti, huwa na urefu wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachojaza kisanduku kinaweza kupangwa kwenye ukucha. Sababu ya pili naiona nzuri zaidi: sauti haipiti penye utupu. Ukikata kipande cha silikoni kikaning'inia kwa vijiti vyembamba vilivyotobolewa kwa mpangilio, mtetemo hauna pa kutorokea. Caltech, mwaka 2020, kundi la Oskar Painter lilionyesha mtetemo wa namna hiyo ukidumu sekunde moja na nusu. Toka nanosekunde 6 mpaka hapo ilikuwa miaka kumi tu.

Mwaka 2023 Cleland na wenzake waliigawa fononi moja kwa kuipeleka kwenye kizuizi inachoweza kupenya au kurudishwa nacho, na ikafanya yote mawili. Mwaka huohuo Chu, sasa akiwa ETH Zürich, aliweka fuwele yenye uzito wa maikrogramu 16 katika hali mbili zinazopingana kwa pamoja. Novemba 2024 kundi lake lilitangaza kyubiti ya kwanza ambayo mtetemo ndio unaoibeba. Tatizo lililowasumbua muda mrefu ni kwamba ngazi za mtetemo zimepangwa kwa nafasi sawa, kwa hiyo ukigusa moja unazigusa zote. Waliitumia sakiti ya umeme kuzipinda ngazi hizo kidogo, ya kutosha kuzitenga mbili za chini na kuzitumia kama 0 na 1. Agosti 2025 Mohammad Mirhosseini na wenzake wa Caltech waliripoti kumbukumbu ya mtetemo inayotunza taarifa ya kwanta mara 30 hivi zaidi ya kyubiti za umeme.

Ngazi zilizo juu ya zile mbili nazo zina kazi. Taarifa ya kwanta ni dhaifu, na haiwezi kunakiliwa. Sheria za maumbile zinakataza. Njia iliyobaki ni kuitandaza juu ya ngazi nyingi za kitetemeshi kimoja, ili kosa likitokea mahali pamoja lionekane na kusahihishwa. Mwaka 2022 watafiti wa Amazon na wenzao walichapisha ramani nzima ya kompyuta ya kwanta iliyojengwa kwa vitetemeshi na wazo hilo. Mpigaji ngoma wa Yakusu angelitambua: ujumbe mfupi hupotea, ujumbe uliotandazwa hufika.

Tantali nayo imeingia kwenye kompyuta hizo. Mwaka 2021 Princeton ilionyesha kwamba kyubiti za umeme zikitengenezwa kwa tantali zinahifadhi hali yao kwa zaidi ya sehemu tatu za elfu kumi za sekunde, muda uliozidi rekodi za wakati huo. Utando wa tantali waliotumia ulikuwa wa nanomita 200. Nimefanya hesabu: kisahani cha sentimita 5 kwa upana kikipakwa utando huo kinakula miligramu 7 hivi za metali. Kilo moja ingepaka visahani zaidi ya laki moja. Kwa hiyo asitokee mtu kuwaambia vijana wa Rubaya kwamba kompyuta za kwanta zitawanunulia mawe yao. Soko lao litabaki kapasita za simu na aloi za injini za ndege. Niobi nayo, sehemu kubwa sana ya dunia, hutoka Brazil. Katika teknolojia hii jiwe ni kidogo, ujuzi ni mwingi.

Ndiyo maana inaniuma. Rubaya hutoa takriban asilimia 15 ya tantali yote ya dunia. Mwishoni mwa Aprili 2024 iliangukia mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi za koltani ziliwaingizia waasi hao dola 800,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazikujenga hata chumba kimoja cha maabara.

Kongo iliwahi kudai zaidi. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, iliingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Luc Gillon, padri na mwanafizikia aliyeongoza Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, alitumia deni hilo kama hoja, na mwaka 1959 reakta ya TRICO iliwaka chuoni hapo, ya kwanza barani Afrika. Vizazi vya wanafizikia Wakongo vilisomea pale. Ilikuwa malipo madogo kwa mzigo mkubwa, lakini yalikuwa malipo ya elimu. Koltani haijaleta hata hayo.

Na mlango wa kisheria uko wazi. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwishoni mwa mwaka huo koltani ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake ukapandishwa hadi asilimia 10. Maabara ya mitetemo juu ya fuwele haihitaji reakta. Inahitaji chumba kisafi, umeme usiokatika, vipande vya lithi tantalati, vyombo vya kupimia, na walimu wenye mshahara. Vyuo vikuu vya Goma na Kisangani vina wanafunzi wa fizikia leo hii, wengi wao wakijifunza bila kugusa chombo.

Nawaomba wabunge wa Kivu Kaskazini waipeleke hoja hii Kinshasa: sehemu ya asilimia 10 ya vizazi vijavyo iliyotokana na koltani ijenge maabara ya mitetemo katika vyuo hivyo viwili, na hesabu ya mfuko huo isomwe hadharani kila mwaka, Kashebere ikiwemo.